Asilimia 95: mpaka wa spishi au mpaka wa mazoea?

Hebu nianze na kisima.

Katika utafiti wangu wa shahada ya uzamili nilikuwa nachota maji kwenye visima vya kijijini, nakuza bakteria waliomo, halafu nasoma jenomu zao kwa kile kifaa kidogo cha kusomea DNA kinachochomekwa kwenye kompyuta ya mkononi. Kisima kimoja kikatoa bakteria ambaye kompyuta haikusita hata kidogo kumtaja: Escherichia coli, ufanano asilimia 98. Nikarudi kwa mwenye kisima na majibu yangu. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaniuliza maswali mawili.

La kwanza: "Sasa mwanangu, maji haya tunywe au tusinywe?" Hilo nililijibu papo hapo. Msinywe mpaka yachemshwe, babu, maana E. coli makazi yake ni matumbo ya watu na wanyama. Akionekana kisimani, ujue kinyesi kimeshafika humo.

La pili: "Na mjukuu wangu anayeharisha damu tangu juzi, anayemsumbua ndiye huyu?"

Hapo nikakwama. Nilimwambia mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, ushauri ambao hata asiyejua jenomu ni nini angeutoa. Jina la spishi nililolibeba kwa mbwembwe halikunisaidia kitu kwenye swali hilo. Mzee akasema, wala hakuwa na kejeli: "Kumbe mashine yako inajua jina, tabia haijui."

Maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha kwenye makala ninayotaka tuisome pamoja leo. Ilitoka mwaka 2018 katika jarida la Nature Communications, na waandishi wake ni Chirag Jain, Luis Rodriguez-R, Adam Phillippy, Konstantinos Konstantinidis na Srinivas Aluru. Kama umewahi kutambua bakteria kwa kutumia jenomu nzima, kuna uwezekano mkubwa umeitumia bila kuisoma, kwa sababu ndiyo iliyotuletea programu ya FastANI. Lakini makala hiyo haikuishia kwenye programu. Ilitoa na dai: kwamba kati ya spishi za bakteria kuna mpaka ulio wazi, na mpaka huo unaonekana kwenye namba.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usinivizie: programu ni nzuri kuliko dai. Na sisi tunaopokea majibu ya namba hizi tukiwa mbali na waliozitunga tuna sababu ya kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Namba yenyewe imetoka wapi?

Kwa wanyama wakubwa tuna kanuni ya zamani ya spishi: wanaoweza kuzaana na kupata watoto wenye uwezo wa kuzaa. Bakteria hazaani hivyo. Anagawanyika wawili, basi. Halafu kama hilo halitoshi, anaweza kuazima jeni kutoka kwa jirani ambaye si hata ndugu yake. Kwa hiyo wanasayansi walilazimika kutafuta kipimo kingine.

Mwaka 1987 kamati ya wataalamu ilipendekeza kwamba bakteria wawili wahesabiwe spishi moja kama DNA zao, zikichanganywa maabara, zinaungana kwa asilimia 70 au zaidi. Kwa nini 70? Kwa sababu ndiyo iliyolingana vizuri na makundi ambayo wataalamu walikuwa tayari wanayakubali kwa kuangalia umbo, chakula na tabia za bakteria hao. Usomaji wa jenomu nzima ulikuja baadaye. Jenomu kamili ya kwanza ya bakteria, Haemophilus influenzae, yenye herufi kama milioni 1.8, ilichapishwa mwaka 1995. Jenomu zilipoongezeka kukawa na njia rahisi zaidi: zikate jenomu mbili vipandevipande, tafuta vipande vinavyolingana, kisha hesabu wastani wa herufi zinazofanana. Wastani huo ndio ANI. Mwaka 2007 utafiti wa Goris na wenzake ulionyesha kwamba ile 70 ya zamani inaangukia karibu na 95 katika kipimo hiki kipya.

Umeuona mnyororo? Tisini na tano imerithi kutoka sabini, na sabini ilichaguliwa ili ikubaliane na macho ya wataalamu wa zamani. Hakuna ubaya kurithi. Ila mtu akikuambia 95 ni mpaka uliochorwa na maumbile yenyewe, una haki ya kumwambia aonyeshe.

Walichofanya Jain na wenzake

Hicho ndicho walichojaribu kukionyesha, na tuwape haki yao. Kabla ya hapo kupima ANI kulikuwa kazi ya kuchosha. Kulinganisha jenomu elfu chache kungeweza kuishikilia kompyuta kwa siku nyingi. FastANI haipangi herufi kwa herufi. Inatumia sampuli ndogo za mfuatano, kama alama za vidole, na kwa hila hiyo inakwenda hadi mara elfu haraka kuliko njia za zamani. Inavumilia hata jenomu zilizosomwa nusunusu. Ni ya bure. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuitumia leo usiku, na ndivyo nilivyofanya mimi.

Kwa chombo hicho wakachukua jenomu kama 90,000 zilizokuwa kwenye hifadhidata ya umma ya NCBI ya Marekani, wakalinganisha kila moja na kila nyingine. Ukizidisha 90,000 kwa 90,000 unapata ulinganisho unaozidi bilioni 8. Matokeo: asilimia 99.8 ya jozi hizo ama zilifanana kwa zaidi ya 95, ama zilifanana kwa chini ya 83. Katikati, kati ya 83 na 95, pakawa kama bonde tupu. Ng'ambo hii spishi moja, ng'ambo ile spishi tofauti. Wakasema mpaka upo, na uko wazi.

Mchoro wake unavutia kweli. Nilipouona mara ya kwanza nilisema mjadala umekwisha. Haujaisha, na sababu ninazo tatu.

Kwanza: 99.8 ya nini?

Chukua bakteria wa kisimani na bakteria wa kidonda. Wapime. Watatofautiana sana, na hakuna aliyetegemea vingine. Katika hifadhidata ya jenomu 90,000 zilizotoka kila pembe ya ukoo wa bakteria, jozi nyingi mno ni za namna hiyo: viumbe walioachana zamani sana, hata FastANI yenyewe haiwezi kupima ufanano wao vizuri, kwa sababu usahihi wake unaanzia kwenye 80 kwenda juu. Kuzihesabu jozi hizo kama ushahidi wa mpaka ni sawa na kuthibitisha kwamba mpaka wa mashamba mawili uko wazi kwa kuwauliza watu wa mkoa mwingine. Ugomvi uko kwa majirani. Na asilimia 0.2 iliyobaki inaonekana ndogo mpaka uizidishe: 0.2 ya bilioni 8 ni jozi kama milioni 16. Hao ndio majirani. Hao ndio nilitaka wanipe muda zaidi, kujua ni kina nani na kwa nini wamekaa bondeni.

Si kwamba hatuna fununu. Mwaka 2005 Hanage, Fraser na Spratt walichunguza jamii ya Neisseria, ambamo wamo bakteria wa kisonono na wa homa ya uti wa mgongo pamoja na ndugu zao wasio na madhara wanaoishi kooni. Hawa hubadilishana jeni sana, na makundi yao yakaonekana kuwa na kingo zenye ukungu. Kuna bakteria ambao mpaka wao ni ukuta, na kuna ambao mpaka wao ni ua la miti lenye matundu. Namba moja kwa wote haiwezi kukwambia uko mbele ya yupi.

Pili: nani aliingia kwenye hifadhidata?

Fikiria umekwenda soko la samaki la feri, pale Dar es Salaam. Umepima dagaa elfu moja, changu mmoja na pono mmoja. Ukilinganisha kila samaki na kila mwingine, ukihesabu kila jozi mara moja, jozi za dagaa kwa dagaa zitakuwa 499,500. Changu kwa changu, sifuri. Pono kwa pono, sifuri. Mchoro wako utaonyesha kilele kikubwa cha "wanaofanana sana" na kingine cha "wasiofanana", na katikati patupu. Je, umegundua kanuni ya samaki wote, au umegundua kwamba ulinunua dagaa wengi?

Jenomu za bakteria ziko hivyo. Zimejaa wale wanaougua nao watu, hasa kwenye nchi zenye mashine na fedha: E. coli, Salmonella, kifua kikuu, wale wa vidonda vya hospitali. Bakteria mmoja wa udongo anaweza kuwa na jenomu moja tu, iliyosomwa mara moja na mtu mmoja. Mwaka 2021, katika jarida hilo hilo, Murray, Gao na Wu waliibua hoja hii: kwamba hifadhidata hiyo imeelemea upande mmoja kwa kurudiarudia spishi zilezile, na kwa hiyo haitoshi kutangaza mpaka wa bakteria wote duniani. Kundi la awali likajibu na kushikilia kwamba pengo lipo. Na kusema kweli, tayari kwenye makala ya 2018 walikuwa wameziondoa spishi zilizosomwa mara nyingi zaidi na pengo likabaki.

Jibu hilo lina uzito, silipuuzi. Lakini linajibu nusu ya swali. Kupunguza dagaa kwenye kapu hakukuletei samaki ambaye hukumvua. Matope ya Ziwa Natron, matumbo ya mbuzi wa Dodoma, udongo wa mikoko ya Rufiji: kama bakteria wa huko hawajasomwa kwa wingi, hakuna hesabu ya kwenye kompyuta itakayotuambia kama bonde lao ni tupu au limejaa. Ningeridhika kabisa kama makala ingesema, "kwa bakteria tuliowasoma mpaka sasa, mpaka huu unafanya kazi." Hiyo ni kauli ya kweli na ya maana. Ila haiwi kichwa cha habari.

Tatu: kinachopimwa na kisichopimwa

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, na ndiyo inayoturudisha kwa mzee wa kisima.

Rudi kwenye maelezo ya ANI: tunatafuta vipande vinavyolingana, tunahesabu ufanano wake. Na visivyolingana? Vinaachwa nje ya wastani. Ni kama kulinganisha vitabu viwili kwa kusoma kurasa zile tu zilizomo katika vyote viwili. Sura nzima iliyomo kwenye kimoja na haimo kwenye kingine haipunguzi alama hata moja.

E. coli wa maabara anayeitwa K-12, asiye na madhara, ana herufi kama milioni 4.6. E. coli O157:H7, anayesababisha kuhara damu na wakati mwingine kuharibu figo, ana kama milioni 5.5. Tofauti ni karibu herufi milioni moja, na humo ndimo zilimo jeni za sumu. Wawili hawa wanauvuka mstari wa 95 bila jasho. Mwaka 2002 watafiti walilinganisha E. coli wa aina tatu wakakuta kwamba, ukijumlisha protini zao zote, ni asilimia 39.2 tu iliyokuwamo kwa wote watatu. Spishi moja hiyo.

Ujerumani waliyaona haya mwaka 2011. Watu karibu 4,000 waliugua, zaidi ya 50 wakafa. Mwanzoni lawama iliangukia matango ya Hispania, na wakulima wa huko wakapata hasara. Baadaye ikabainika kuwa chanzo ni mbegu za uwatu zilizochipushwa, zile zile uwatu tunazozijua jikoni. Jenomu ilisomwa ndani ya siku chache. Sasa jiulize: jina la spishi lilisaidia nini? Lilikuwa E. coli, na hilo walilijua tangu mwanzo. Kilichosaidia ni kuona kwamba huyu alikuwa wa aina inayoganda kwenye ukuta wa utumbo, kisha akapata jeni za sumu zilizoletwa na kirusi kinachoambukiza bakteria. Na ndugu yake wa karibu kwenye hifadhidata alitoka wapi? Kwa mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Hebu pima hilo: mlipuko wa Hamburg ulieleweka haraka kwa sababu kuna mtu aliwahi kusoma jenomu ya bakteria wa mgonjwa wa kuhara wa Afrika. Wangapi wengine wa kwetu hawajasomwa?

Kufanana huko kote, na dawa inagoma

Kuna upande mwingine wa shilingi: waliofanana kupita kiasi. Bakteria wa kifua kikuu cha binadamu na yule wa kifua kikuu cha ng'ombe, Mycobacterium bovis, jenomu zao zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99.9. Kwa mstari wa 95 ni kitu kimoja, hakuna mjadala. Lakini M. bovis ana badiliko la herufi moja kwenye jeni iitwayo pncA, na kwa badiliko hilo dawa ya pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za kuanzia matibabu ya TB, haimfanyi kitu. Tena huingia kwa mtu kwa njia yake, maziwa mabichi ikiwa mojawapo. Kwa familia ya wafugaji, hiyo herufi moja ina maana kuliko asilimia 99.9 zote.

Ukitaka kuelewa kwa haraka, waza kanga mbili. Pindo moja, mji mmoja, rangi ileile. Jina tofauti: moja inamshukuru mama, nyingine inamsema jirani. Kwa kupima kitambaa zinafanana karibu kabisa. Lakini nenda kampe mama mkwe ile ya pili uone.

Shigella naye yumo humo. Alielezwa na Kiyoshi Shiga mwaka 1897 wakati wa mlipuko wa kuhara damu Japani, na kwa jenomu Shigella wote wanaangukia ndani ya E. coli. Wamebakishiwa jina lao kwa sababu za kitabibu. Na sababu hizo si heshima kwa wazee tu. Mgonjwa wa kuhara damu kwa Shigella kwa kawaida hupewa antibayotiki. Mgonjwa wa E. coli mwenye sumu kama O157:H7, madaktari huepuka kumpa, kwa kuhofia kwamba dawa inaweza kuongeza hatari ya figo kushindwa kazi. Mstari mmoja wa ANI, wagonjwa wawili, maamuzi mawili yanayopingana. Ndilo swali la pili la mzee, na ndiyo maana nilikosa jibu.

Basi tuitupe?

Hapana. FastANI ninayo na nitaendelea kuitumia. Kwa swali la kwanza la mzee, la maji, jina la spishi lilitosha kabisa, na kulipata kwa jioni moja ni maendeleo makubwa. Mtu anayekuza bakteria wa ajabu kutoka kwenye udongo na kutaka kujua kama amewahi kuonekana, namba hii ni mahali pazuri pa kuanzia. Ninachokikataa ni kuifanya mahali pa kumalizia.

Kwa hiyo ukiletewa jibu la utambuzi wa bakteria kwa jenomu, iwe kwenye makala, kwenye tasnifu ya rafiki yako au siku moja kwenye karatasi ya hospitali, uliza haya.

Amelinganishwa na nani? Jina la kwanza kwenye orodha ni la anayefanana zaidi kati ya waliomo, na huenda ndugu yake wa kweli hayumo. Asilimia 96 ya jirani si sawa na asilimia 99.9 ya ndugu.

Ni kiasi gani cha jenomu kilicholinganishwa? FastANI hutoa idadi ya vipande vilivyolingana pamoja na jumla ya vipande vyote. Wengi wetu tunaifuta safu hiyo tunapoandaa jedwali. Mimi niliifuta. Usiifute.

Na mwisho, jina hili linajibu swali la nani? Kama swali ni la dawa, tafuta jeni za usugu. Kama ni la sumu, tafuta jeni za sumu. Jenomu yote unayo tayari kwenye kompyuta, umeshailipia.

Nilirudi kwenye data ya kile kisima baadaye, nikafanya nilichopaswa kufanya siku ile: nikatafuta jeni za sumu ya Shiga. Sikuziona. Hiyo haimaanishi kisima hakikumuumiza mtoto, maana nilisoma bakteria mmoja tu kutoka kwenye maji yaliyokuwa na wengi. Nilimweleza babu hivyo hivyo. Mjukuu alikuwa ameshapona hospitalini. Babu akauliza kama nitarudi kupima tena baada ya kukifunika kisima. Nimemwambia nitarudi, na safari hii nitachukua zaidi ya bakteria mmoja.